Upepo Kwenye Njia ya Maji: Mafunzo Niliyopata Barabara ya Kidete

Noah ya zamani, ile yenye injini chini ya viti vya mbele, ndiyo usafiri wa vijiji vingi vya Tanzania ambavyo basi halifiki. Yangu inafanya kazi kati ya Kilosa mjini na vijiji vya bonde la Mkondoa hadi Kidete, na msimu wa vitunguu inapanda upande wa Lumuma. Kwenda inabeba sukari, sabuni, mabati na watu. Kurudi inabeba vitunguu na watu walewale. Treni ya umeme inapita katika bonde hili tangu 2024, lakini haipandi shambani kufuata gunia.

Barabara ni ya udongo. Vilima vinadai gia ya kwanza na ya pili, gari linatambaa, na ule upepo wa mbele unaopoza rejeta barabara ya lami haupo. Kwa gari la namna hii mfumo wa maji hauna nafasi ya kukosea.

Gereji moja ya mjini ilinibadilishia pampu ya maji, na tangu siku hiyo gari likaanza kuchemsha. Rejeta imejaa, feni inazunguka, chini hakudondoki tone, na bado mshale unapanda. Kila fundi niliyemwonyesha alikuwa na spea ya kuniuzia: huyu rejeta, yule feni, mwingine gasketi ya hedi, na mmoja bila haya akanitajia injini nzima. Kilichokuwa kinasumbua hakiuzwi dukani. Ni upepo uliobaki ndani wakati maji yanajazwa. Aliyeutoa ni mzee mmoja fundi wa Kidete, kwa chupa tupu, bisibisi na subira. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwake, na mengine nimeyapata barabarani.

1. Rejeta ikijaa, injini haijajaa

Dereva anafungua mfuniko asubuhi, anaona maji yako mdomoni, anafunga akiwa ametulia. Anachokiona ni maji ya pale mdomoni tu. Njia ya maji inatoka kwenye rejeta, inapita mpira wa chini hadi kwenye pampu, inaingia kwenye bloku inazunguka silinda, inapanda kwenye hedi, kisha inarudi kwa mpira wa juu. Pembeni kuna mchepuko unaokwenda kwenye hita nyuma ya dashibodi. Maji yanashuka, upepo unapanda, na kila mahali palipoinuka bila tundu la kutokea upepo unajikunyata na kukaa.

Kwenye Corolla rejeta na injini zinatazamana uso kwa uso. Upepo mwingi unatoka wenyewe ukimwaga maji polepole. Noah ya zamani ni habari nyingine. Rejeta iko mbele kabisa, injini iko nyuma yake chini ya makalio ya dereva, na katikati kuna mipira na mabomba marefu. Nyingi pia zina hita ya pili kwa ajili ya abiria wa nyuma, ambayo bomba zake zinapita chini ya sakafu. Kila kona ya bomba hizo ni maficho ya upepo.

Upepo ukikaa kwenye pampu, mapanga yanazunguka bure kwa sababu pampu imetengenezwa kusukuma maji. Ukikaa kwenye hedi, chuma cha pale kinakosa maji ya kukipoza. Maji yaliyo jirani yanageuka mvuke, mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji, unayasukuma maji mazima yatoke kwenda kwenye chupa ya akiba, na hapo injini inabaki na maji pungufu kuliko ilivyoanza safari. Ndiyo maana gari lenye upepo huchemsha, linaongezwa maji, linatembea kidogo, linachemsha tena.

2. Geji inasema ukweli ikiguswa na maji tu

Kifaa kinachopeleka habari kwenye geji kimechomekwa ndani ya njia ya maji. Kikizungukwa na maji, kinaeleza joto la maji. Kikiwa ndani ya upepo hakina cha kueleza, na mshale unaweza kulala katikati huku hedi inaungua. Kisha maji yanarudi ghafla, yanakigusa, na mshale unaruka juu. Baada ya muda unashuka tena bila wewe kufanya lolote.

Mshale wa namna hiyo, wa kupanda na kushuka kwa kushtukiza, ni dalili ya upepo kuliko dalili ya rejeta kuziba. Rejeta iliyoziba haina pupa: mshale wake unapanda taratibu kadiri mzigo na mlima unavyozidi, na hauteremki mpaka upumzike.

Dalili nyingine ni sauti. Mara tu baada ya kuwasha, au ukikanyaga mafuta kidogo, unasikia maji yanabwabwaja nyuma ya dashibodi. Abiria wa kiti cha mbele huisikia kabla ya dereva. Mama mmoja wa Munisagara aliniambia, "Baba, hili gari lako lina njaa, tumbo linaunguruma." Gari zima likacheka. Mama alikuwa ametaja ugonjwa sawasawa, na bila malipo.

3. Washa hita, hata kama ni Oktoba

Hakuna mtu Kilosa anayewasha hita. Kwa hiyo hakuna anayejua kama hita yake inafanya kazi, na mafundi wengi wameshakata mipira yake na kuiunganisha moja kwa moja ili "kupunguza usumbufu". Ni hasara. Hita ni kipimo kizuri ambacho gari limezaliwa nacho. Injini ikiwa ya moto, fungua hita mpaka mwisho na uweke kiganja kwenye tundu la dashibodi. Ikitoka hewa ya moto, maji yanazunguka huko juu. Ikitoka ya baridi wakati mshale umepanda, maji hayafiki: ama yamepungua, ama kuna upepo katikati.

Tena, mlimani hita ni rejeta ndogo ya akiba. Maji yakiwa yanazunguka vizuri na mshale umeanza kunyanyuka, fungua vioo vyote, washa hita na feni yake, utapunguza joto la kutosha kufika juu. Abiria watalalamika. Waache.

4. Mfuniko unasubiri injini ipoe, si hasira yako

Juu ya mfuniko wa rejeta za Toyota mara nyingi pameandikwa 0.9 au 1.1. Hicho ni kiasi cha shinikizo ambacho springi yake inakizuia kabla ya kuyaachia maji yaende kwenye chupa ya akiba. Maji yasiyo na shinikizo huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi kiwango hicho kinashuka kwa karibu nyuzi moja. Yakifungiwa kwa mfuniko wa 0.9 yanavumilia hadi karibu nyuzi 118 bila kuchemka. Sasa fikiria maji ya nyuzi 110 yaliyotulia kimya chini ya mfuniko. Ukiufungua, shinikizo linaondoka na maji yote yanachemka kwa mkupuo mmoja, usoni kwako.

Kila kijiji kina kijana mwenye huruma anayekuja mbio na tambara: "Fungua, bro, lipumue!" Mshukuru, mpe kazi ya kutafuta mawe ya kuzuia matairi. Wewe egesha kivulini, zima, inua kiti kinachofunika injini joto litoke, kisha kaa. Mpira wa juu wa rejeta ukiweza kuushika kwa kiganja na kuuminya bila kuuachia, hapo ndipo ufunike mfuniko kwa tambara nene, uzungushe robo, usubiri mlio uishe, halafu umalizie.

Na usimwage maji ya baridi ndani ya injini inayoungua. Kwenye Noah nyingi za petroli bloku ni chuma na hedi ni aluminiamu. Vitu hivi viwili havitanuki wala havisinyai sawa. Ukivishtua, hedi inapinda au inapasuka, na kuanzia hapo safari yako ni ya kwenda kwa fundi wa kuchonga hedi. Malori yaliyosimama Mlima Kitonga, njia ya Iringa, yanakufundisha jambo moja ukiyatazama kwa makini: madereva wazoefu wanapika chai kwanza.

5. "Yamejaa wapi?"

Mzee fundi ana banda la mabati mbali kidogo na stesheni ya zamani ya Kidete. Alikuwa fundi wa reli kabla ya kustaafu. Nilimkuta anafunga cheni ya baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Limechemsha?"

"Ndiyo, mzee. Linachemsha na maji yamejaa."

"Yamejaa wapi?"

Hakungoja jibu. Aliinuka, akazunguka gari mara moja bila kugusa kitu, akatazama ardhi lilipoegeshwa. Pua ilikuwa imeelekea bondeni. Akaniambia nigeuze, pua itazame mlima, kisha akasogeza kwa mguu mawe mawili makubwa nyuma ya matairi. Huko Kidete mteremko ni wa bure, ukiacha kokoto zake. Sehemu tambarare utahitaji jeki au tofali madhubuti chini ya matairi ya mbele. Maana yake ni moja: mdomo wa kujazia maji uwe ndio mahali pa juu kuliko pote katika njia nzima, ili upepo ukipanda upandie hapo.

Injini ilipopoa kabisa akachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, akakata kitako kwa kisu, akazungushia shingo ya chupa kipande cha chubu ya baiskeli mpaka ikanenepa kiasi cha kukaza ndani ya mdomo wa rejeta. Akaisimamisha kichwa chini. Chupa ikawa faneli, na zaidi ya faneli: maji yaliyosimama ndani yake yalikuwa juu kuliko kitu chochote kwenye injini, na kwa kuwa plastiki inaonyesha, kila povu lililotoka tuliliona kwa macho.

Akafungua hita mpaka mwisho, kwa sababu kwenye magari mengi hita ikifungwa koki ya maji yake nayo inafungwa. Kisha akaenda kwenye mpira wa hita, pale unapopita juu kabisa, akalegeza klempu kwa bisibisi na kupenyeza ncha ya bisibisi kati ya mpira na bomba. Ulitoka mlio mdogo, fsss, mrefu kuliko nilivyotegemea. Baadaye mate ya maji yenye povu. Baadaye maji matupu, bila kukatika. Akakaza. Kwenye chupa maji yalikuwa yameshuka zaidi ya nusu.

"Hayo ndiyo yaliyokuwa yamejaa," akasema.

Akaongeza maji kidogokidogo, si kwa pupa, kwani maji yakimwagwa kwa kasi yanauwahi upepo na kuufungia njia. Akaushika mpira wa juu kwa mikono miwili, akawa anauminya na kuuachia, anauminya na kuuachia. Kila akiuachia, povu moja au mawili yanapanda kwenye chupa. Alipoona hayaji tena ndipo akaniambia niwashe, niache sailensa, nisikanyage.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Mpira wa juu ukaanza kupata moto, wa chini ukabaki baridi: themostati ilikuwa bado imefunga. Mzee alikaa kwenye ndoo akiushika mpira wa chini kila baada ya kitambo. Mara maji ya kwenye chupa yakashuka yote kwa mpigo, likatoka povu kubwa lililoitikisa chupa, na mpira wa chini ukaanza kuwa wa moto. Themostati imefunguka. Akajaza chupa, akaniashiria nipandishe mzunguko taratibu hadi elfu mbili na kidogo, nishikilie, niachie. Mapovu yakaja mengi, kisha machache, kisha madogo kama ya soda iliyokaa, kisha hakuna. Feni ikawaka, ikazima.

"Weka mkono," akaniambia, akionyesha dashibodi. Ilikuwa inatoka hewa ya moto ya kuunguza.

Ili kuitoa chupa bila kumwaga maji alichukua kijiti kilichofungwa tambara nchani, akakitumbukiza kuziba shingo kwa ndani, ndipo akaing'oa na maji yake. Maji yaliyoingia tangu rejeta "ijae" yalizidi chupa nzima.

6. Themostati: usiitupe, na usiirudishe kichwa chini

Kabla hajaanza kazi ya chupa, mzee alikuwa amefungua kikombe cha themostati. Kwenye sahani yake kuna kitundu kidogo chenye kijipini kinachochezacheza. Mafundi wengi wanadhani ni urembo. Kazi yake ni kupitisha upepo wakati themostati imefunga, kwa hiyo ni lazima kikae juu, kwa kuwa upepo uko juu. Aliyebadilisha pampu yangu alikuwa amekirudisha kikiangalia chini. Upepo ukawa hauna pa kupita, na maji yaliyojazwa mjini yakaishia kuonekana mdomoni tu. Mzee alikigeuza, akaweka gasketi mpya, akafunga. Kazi ya kugeuza kitu kidogo kuliko kizibo cha chupa.

Kuna ushauri maarufu gerejini: "Itoe hiyo, Tanzania hakuna baridi." Usiukubali. Themostati haipo kwa ajili ya baridi ya Ulaya peke yake. Inaifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi, na inapunguza ulaji wa mafuta na uchakavu wa silinda. Zaidi ya hayo, kwenye injini ambazo themostati ina sahani ya pili chini, sahani hiyo ndiyo inayoziba njia ya mkato pale injini inapopata moto. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari ulilotaka lisichemshe linachemsha mlimani.

Kuipima hakuhitaji maabara. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni. Namba iliyogongwa kwenye chuma chake, mara nyingi 82, ni nyuzi inazoanzia kufunguka. Ikiwa maji yanatokota na bado imefunga, itupe. Ikiwa iko wazi ndani ya maji baridi, itupe pia.

7. Maji ya mto ni ya kukufikisha, si ya kukaa nayo

Mkondoa ni mto wa tope. Watu wa Reli ya Kati wanaujua kuliko mtu yeyote: reli imefuata bonde hili tangu enzi za Wajerumani, na mafuriko ya mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 yaliifumua kati ya Kilosa na Gulwe na kuacha treni zimesimama. Mto unaozika tuta la reli kwa mchanga hauwezi kukosa mchanga wa kuziba mirija ya rejeta, ambayo upana wake wa ndani ni wa milimita chache tu.

Ukikwama na huna njia nyingine, chota. Acha ndoo itulie tope lizame, chuja kwa kitenge kilichokunjwa mara mbili, jaza, nenda. Ukifika, mwaga yote, suuza mpaka maji yatoke meupe, na uweke kulanti. Maji ya visima vya upande wa Mpwapwa na Dodoma nayo yana chumvi inayoganda ndani kama ile ya kwenye birika la chai. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi ni afadhali kuyachanganyia kulanti kuliko hayo yote.

Wengi wetu tunaiona kulanti kuwa anasa ya nchi zenye theluji. Kwenye injini ya chuma na aluminiamu dawa yake ya kuzuia kutu ndiyo muhimu kuliko ile ya kuzuia kuganda. Kutu ikilegea inakwenda kuziba, inakula mapanga ya pampu, na pampu ikiliwa huanza kunyonya upepo kwenye sili yake bila hata kuvuja tone la kuonekana. Nusu kwa nusu na maji safi inatosha, isipokuwa ile iliyoandikwa kwamba imeshachanganywa tayari. Rangi isikuhadae: soma chupa, usichanganye aina mbili kwa kuwa zote ni za kijani.

8. Mapovu yasiyokoma ni ugonjwa mwingine

Upepo uliobaki wakati wa kujaza una mwisho. Mapovu yanapungua, yanakoma. Kama umekaa na chupa yako, themostati imefunguka, umepandisha mzunguko na kushusha, na bado mapovu yanakuja mfululizo, tena yanazidi kila ukikanyaga, huo si upepo wa nje. Ni gesi ya moshi inayopenya kutoka kwenye silinda kupitia gasketi ya hedi au ufa.

Kuna dalili nyingine za kuoanisha nayo. Asubuhi, gari likiwa baridi kabisa, washa na ushike mpira wa juu: ukikakamaa ndani ya dakika chache kabla maji hayajapata moto, silinda inaujaza gesi. Nusa chupa ya akiba, kama inanuka moshi wa ekzosi. Tazama fimbo ya oili na kifuniko chake, kama kuna utando wa rangi ya maziwa. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto, na maji yanayopungua bila kuvuja, vinamalizia ushahidi. Hapo usipoteze muda na chupa. Hedi ishuke, ipimwe kama imepinda, gasketi ibadilishwe.

Lakini mpangilio ni huu: kwanza upepo, baadaye hedi. Kushusha hedi ya Noah ni kazi ya siku nzima na fedha ya msimu. Kutoa upepo ni jioni moja.

9. Kazi inaisha kesho yake asubuhi

Injini ikipoa, maji yanasinyaa na kuvuta mengine kutoka kwenye chupa ya akiba. Mfuniko wenye mpira uliochoka hauruhusu mvuto huo: unavuta hewa pembeni badala ya maji, na upepo unarudi ndani usiku huohuo wakati umelala. Mzee aliniuliza mfuniko wangu una umri gani. Ni spea rahisi kuliko zote kwenye mfumo mzima, na ndiyo inayosahauliwa.

Kwa hiyo kesho yake, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko. Kama maji yameshuka kidogo, ongeza na uweke chupa ya akiba kati ya alama mbili. Fanya hivyo asubuhi chache mfululizo. Yakitulia, umemaliza. Yakiendelea kushuka, kuna panapovuja au kuna gasketi, rudi namba nane.

Gari langu lilipanda Lumuma na vitunguu wiki ileile, mshale ukiwa chini ya nusu, hita imezimwa, na yule mama wa Munisagara hakusikia kitu.

Nina ombi kwa mafundi wa mjini, kwa heshima. Mnapogusa pampu, rejeta, themostati au mpira wowote wa maji, msimkabidhi mteja ufunguo kabla feni haijawaka na kuzima mara mbili na hita haijatoa hewa ya moto. Na wewe mwenye gari, simama palepale mpaka uyaone hayo mawili, hata kama una abiria wanaosubiri stendi.